Kibali cha Gereji Hakifuti Njia ya Jirani

Ukipita Kisauni, Mtopanga au Likoni, mitaa ya Mombasa, Kenya, utaona viwanja vilivyopangana mbele na nyuma. Nyumba moja inatazama barabara, nyingine imejificha nyuma yake, na kati ya ukuta wa nyumba ya mbele na ua wa pembeni kuna ujia mwembamba wa mchanga. Ujia huo hupitisha watoto wa shule asubuhi, mkokoteni wa maji mchana, na jeneza siku ya msiba. Kwenye ramani mara nyingi ni sehemu ya kiwanja cha mbele. Kwa wanaoutumia ni njia ya nyumba ya nyuma. Maadamu hakuna anayeutakia jambo jingine, hakuna anayeuliza ni wa nani.

Swali huzuka siku mwenye nyumba ya mbele anaponunua gari.

Nitaeleza kwa mfano mmoja niliouunda mwenyewe, ili tusimseme mtu wala mtaa wake. Mzee mmoja alikuwa na kiwanja Kisauni. Alipofariki, wanawe wawili waligawana mirathi mbele ya Kadhi: mkubwa akapata upande wa mbele, mdogo upande wa nyuma. Miaka 24 iliyopita saveya akaja, akapanda bikoni, yaani alama za mpaka, na kila ndugu akapata hati yake. Hakuna hati iliyotaja njia, kwa sababu hakuna aliyeona haja ya kuandika kwamba ndugu atapita kwa ndugu. Miaka ikaenda. Ndugu wote wawili wakafariki. Watoto wa mkubwa wakauza nyumba ya mbele kwa mtu wa mtaa mwingine, ambaye kabla ya kulipa alifanya sachi, yaani upekuzi wa rejesta katika ofisi ya ardhi, akakuta rejesta safi. Baada ya miaka miwili akataka kujenga gereji ya gari lake pale ujiani, mita tatu kwa sita, paa la mabati na mlango wa chuma. Kwa kuwa gereji ingegusa mpaka, na kanuni za ujenzi zinataka nafasi iachwe pembeni, aliomba kaunti imlegezee masharti. Notisi ikabandikwa getini. Mjane wa yule ndugu mdogo, ambaye hapa nitamwita Bi wa nyuma, akaisoma akitoka sokoni, na kabla ya Magharibi mtaa mzima ulikuwa umegawanyika.

Ukiwasikiliza majirani wakibishana barazani, utawasikia wakisema "kaunti ikimpa kibali basi njia imekwisha", na upande wa pili "kaunti ikimnyima basi njia ni ya Bi". Kauli zote mbili si sahihi. Yapo maswali mawili yaliyovaa kanzu moja, na kila swali lina ofisi yake, sheria yake na aina yake ya ushahidi.

Tuanze na swali la kaunti, ambalo ndilo jepesi. Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 inasema hakuna mtu atakayejenga ndani ya kaunti bila kibali, na anayekiuka anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kifungo kisichozidi miezi miwili, au vyote. Gereji ya nyumbani haikusamehewa kwa udogo wake. Anayeomba hupeleka michoro, maelezo ya kiwanja na ada, na kaunti huangalia mambo ya mipango: jengo liko umbali gani na mpaka, maji ya mvua yataelekea wapi, hewa na mwanga wa jirani, moto ukizuka watu watatoka vipi, na kama matumizi yanafaa kwa mtaa huo. Anayeomba alegezewe masharti ana kazi ya kuonyesha kwamba kiwanja chenyewe ndicho kinachombana, kwa umbo au kwa ufinyu, na kwamba hakuna mahali pengine pa kuweka jengo bila kuumiza mtu.

Hapo Bi wa nyuma ana nafasi ya kusikilizwa, na asiidharau. Lakini pingamizi lake liandikwe kwa lugha ya mipango. Akiandika tu "hii ni njia yangu", ofisa atamjibu, na kwa haki kabisa, kwamba kaunti si mahakama ya njia. Akiandika kwamba gereji ikijengwa hapo lori la kunyonya choo halitafika nyumbani kwake, ofisa ana jambo la kupima. Sehemu kubwa ya Mombasa haina mabomba ya maji taka. Nyumba nyingi zina shimo, na shimo lisilofikika kwa lori ni hatari kwa afya ya nyumba zote zinazolizunguka. Aandike pia kuhusu bauza la maji, gari la wagonjwa, zimamoto. Aambatanishe picha, na kipimo cha upana wa ujia kilichochukuliwa kwa futi ya fundi. Karatasi ya namna hiyo ina uzito kuliko kurasa kumi za historia ya ukoo.

Uamuzi ukitoka, asiyeridhika ana siku 14 za kukata rufaa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza rufaa za mipango na matumizi ya ardhi, na kutoka hapo anaweza kwenda Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Kuna kifungu kingine ambacho watu wengi hukishika vibaya: muombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, sheria inachukulia kwamba kibali kimetolewa. Nimewahi kuwasikia wenye nyumba wakihesabu siku hizo kama wanaohesabu siku za mwezi wa Ramadhani, wakiamini kwamba siku ya 61 ujia umekuwa wao. Si kweli. Kilichotolewa siku ya 61 ni kilekile ambacho kingetolewa kwa barua yenye muhuri: ruhusa kwa upande wa mipango. Kaunti haiwezi kukupa kisichokuwa chake. Inasema "sisi hatukukatazi". Haisemi "jirani hana haki".

Na kinyume chake ni hivyohivyo. Kaunti ikikataa gereji kwa sababu ya mpaka au moto, Bi wa nyuma hajapata njia. Amepata muda tu. Kesho mwenye nyumba anaweza kujenga ukuta mwembamba unaofuata kanuni zote, na ujia ukafungwa bila gereji yoyote.

Sasa njoo kwenye swali la pili, ambalo ndilo zito. Mawakili na masaveya huliita izimenti. Mtaani tunasema haki ya kupita, au njia tu. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inazungumza juu ya viwanja viwili: kimoja kinanufaika, kingine kinabeba mzigo. Haki inashikamana na kiwanja, haimfuati mtu. Bi wa nyuma akiuza, mnunuzi wake anarithi njia; mwenye nyumba ya mbele akiuza, mnunuzi anarithi mzigo. Jambo hili ndilo linalotofautisha haki na hisani, nami nitalirudia baadaye kwa sababu kesi nyingi huvunjikia hapo.

Mahakama zetu hutazama pia maamuzi ya Uingereza, na moja linalotajwa sana ni la Ellenborough Park, lililochapishwa mwaka 1956. Lilisema izimenti inahitaji viwanja viwili, vyenye wenyewe tofauti, iwe na faida kwa kiwanja chenyewe badala ya kumfurahisha mtu tu, na iwe kitu kinachoweza kuelezwa kwa maneno na kutolewa kwa hati. Miaka michache kabla yake, mwaka 1952, mahakama nyingine ya huko ilimkatalia fundi wa magurudumu aliyekuwa ameweka magari ya wateja kwenye kipande cha ardhi ya jirani kwa miaka mingi. Jaji alisema kile alichodai si haki ya kutumia, ni kuimiliki ardhi yenyewe. Hili linamgusa mtoto wa Bi wa nyuma, anayelaza tuktuk yake ujiani kila usiku. Haki ya kupita haimpi mtu haki ya kuegesha. Akiing'ang'ania tuktuk, anampa mwenye nyumba ya mbele hoja ambayo asingekuwa nayo.

Je, njia inazaliwa vipi? Ya kwanza ni kwa maandishi: mwenye ardhi anasaini hati, inasajiliwa, inaonekana kwenye rejesta, na hapo hapana ugomvi isipokuwa juu ya upana. Ahadi ya mdomo haitoshi. Sheria ya Mikataba, Sura ya 23, inataka mapatano yanayohusu haki katika ardhi yaandikwe, yasainiwe na yashuhudiwe. Yale maneno ya barazani, "ndugu yangu, njia ni yako na ya watoto wako", yalikuwa ya kweli na yalitoka moyoni, lakini kama hati hayakusimama.

Ya pili huzaliwa kiwanja kinapogawanywa. Kama baba mwenyewe, enzi zake, alikuwa akipita ujiani kwenda nyuma, na njia ilionekana wazi ardhini, na sehemu ya nyuma haiwezi kukaliwa vizuri bila hiyo, ipo hoja kwamba mgawanyo ulibeba njia pamoja nao hata kama haukuitaja. Hoja hiyo mahakama za Kiingereza zimeijua tangu 1879, na mawakili wa huku huijenga juu ya msingi huohuo. Ndiyo maana nawasihi watu watafute ile ramani ya mgawanyo iliyowasilishwa na saveya siku ile. Mara nyingi hati haina njia, lakini ramani ya mgawanyo inayo: mistari miwili midogo pembeni, na neno lililoandikwa kwa kalamu. Ramani hiyo hukaa katika kumbukumbu za upimaji, si katika kabati la mwenye nyumba, na ni wachache wanaokwenda kuitafuta kabla ya kuanza kutupiana maneno.

Ya tatu ni muda. Na hapa kuna kosa ambalo nimelisikia kwa wazee, kwa vijana, hata kwa watu waliosoma: "Nimepita miaka 12, njia ni yangu." Miaka 12 ni ya jambo jingine. Sheria ya Ukomo wa Mashtaka, Sura ya 22, inasema mwenye ardhi asipoidai kwa miaka 12 dhidi ya mtu aliyeikalia kinyume chake, anaweza kuipoteza ardhi yenyewe. Anayepita hakalii. Kwa njia, sheria hiyohiyo inataka miaka 20, na inaweka masharti: mtu awe amepita kwa amani, waziwazi, bila kukatizwa, na kama mwenye haki.

Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye mwiba. Kupita kama mwenye haki maana yake hukupita kwa nguvu, hukupita kwa siri, na hukupita kwa ruhusa. Msomaji wa Pwani atashtuka hapo, kama mimi nilivyoshtuka nilipoelezwa mara ya kwanza. Kwetu mtu mwenye adabu huomba. Bi wa nyuma alipoolewa, alimwambia shemeji yake, "Kaka, tunaomba tupitishe kitanda hapa," na shemeji akajibu, "Pita, shemeji, hapa ni kwenu." Miaka 24 baadaye, wakili wa upande wa pili anamuuliza mahakamani kwa sauti ya upole: "Kwa hiyo shemeji yako alikuruhusu?" Naye, kwa heshima ya marehemu, anajibu kwa fahari: "Ndiyo, alituruhusu, Mungu amrehemu." Kwa jibu hilo hoja ya miaka 20 inaweza kuanguka. Kilichotolewa kwa ruhusa kinahesabiwa kuwa hisani, na hisani hufa na aliyeitoa, au hukoma anapouza. Saa ya miaka 20 inakuwa imeanza siku mgeni aliponunua, na tangu siku hiyo imepita miwili tu.

Naliona hili kuwa chungu. Sheria iliyotungwa kwa watu wanaotazamana kwa wasiwasi inamgonga mtu kwa sababu ya adabu yake. Lakini ndivyo ilivyo, na ni heri kulijua kabla ya kuingia kizimbani. Bi wa nyuma asidanganye, aeleze yote. Kuomba kupitisha kitanda siku moja si sawa na kuomba ruhusa ya kupita kila siku. Kama familia ilikuwa ikipita tangu baba yu hai, bila kumuuliza mtu, basi hiyo ndiyo habari inayohitaji kutangulia, na yale maneno ya shemeji yakaonekana kama yalivyokuwa: ukarimu juu ya jambo lililokuwepo tayari. Miaka ya mume hujumlishwa na ya mjane, kwa kuwa haki inafuata kiwanja. Ushahidi wake ni majirani wa zamani, picha za harusi zinazoonyesha wageni wakiingia kwa ujia, mita ya umeme iliyofungwa kwa kupitia hapo, na picha za satelaiti za miaka iliyopita, ambapo ujia huonekana kama mstari mweupe katikati ya mabati.

Njia ya nne ni mahakama yenyewe. Kiwanja kilichozingirwa pande zote, kisicho na pa kutokea, mwenyewe anaweza kuiomba mahakama impe njia katika ardhi ya jirani. Sheria ya Ardhi inaitaka mahakama itazame kiwanja kilikuwa na njia gani alipokipata, kilizingirwa vipi, pande mbili zimejaribu kupatana au la, na nani ataumia zaidi kwa uamuzi huu au ule. Inaweza pia kuamuru fidia ilipwe. Kwa hiyo Bi wa nyuma akipoteza hoja ya miaka 20, bado hajafungiwa. Ila kama upande wa kusini kuna kichochoro cha umma kinachofika uani kwake, hata kikiwa kirefu na chenye matope wakati wa masika, hoja hii inadhoofika sana. Na yule mwenye nyumba ya mbele aliyekataa kila kikao naye atakuwa amejiharibia.

Sasa mgeni aliyenunua anauliza, na ana haki ya kuuliza: "Mimi nilifanya sachi. Rejesta ilikuwa safi. Nimekosa nini?" Hakukosa, lakini hakumaliza. Sheria ya Usajili wa Ardhi ya mwaka 2012, kifungu cha 28, inataja haki zinazofunga ardhi hata zisipoandikwa popote kwenye rejesta. Miongoni mwake ni haki za njia zilizokuwepo wakati wa usajili wa kwanza chini ya sheria hiyo, na haki zilizopatikana, au zinazoendelea kupatikana, kwa kupita kwa muda. Hati yake ni nzuri na inalindwa, ila inalindwa pamoja na mizigo hiyo. Sachi husoma karatasi tu. Nyayo za watu kwenye mchanga alipaswa kuzisoma yeye mwenyewe.

Mombasa ina fundo jingine ambalo Wakenya wa bara huwa hawalielewi mpaka walione: nyumba bila ardhi. Katika mtaa wa Majengo na mingine mingi, mtu anamiliki nyumba, kuta, paa na milango, lakini kiwanja ni cha mwenye ardhi anayelipwa kodi ya kiwanja. Desturi hii ni ya zamani, na imefungamana na namna ardhi ya ukanda wa Pwani ilivyosajiliwa tangu sheria ya hati za ardhi ya mwaka 1908, iliyowapa wachache hati na kuwaacha wengi wakiwa wakaaji tu. Ukiwa na nyumba bila ardhi, huwezi kumpa jirani izimenti, kwa sababu huna ardhi ya kubebesha mzigo. Na kama nyumba ya mbele na ya nyuma ziko chini ya mwenye ardhi mmoja, izimenti haipo kabisa kati yao: mtu hana haki ya kupita juu ya ardhi yake mwenyewe, na nyinyi wawili mnapita kwa idhini yake. Ugomvi wa gereji katika mitaa hiyo hauamuliwi kwa hoja ya miaka 20. Unaanzia kwa mwenye ardhi au wakala wake, kwa mapatano ya ukaaji, na wakati mwingine kwa serikali pale inapochukua ardhi na kuwagawia wakaaji hati, kama ilivyokuwa kwa shamba la Waitiki, Likoni, mwaka 2016. Penye mpango wa namna hiyo, muhimu ni saveya kuuchora ujia kama njia ya wote kabla ya hati kutoka. Akishaondoka, kuurudisha ni kazi ya miaka.

Kuhusu Mji wa Kale sitasema mengi. Vichochoro vyake vilichorwa na miguu kabla ya gari kuwepo, na tangu mwaka 1990 ni eneo la hifadhi, kwa hiyo anayetaka kubadili hata mlango wa mbele ana watu wa Makumbusho ya Taifa wa kuzungumza nao. Gereji huko ni habari nyingine kabisa.

Turudi Kisauni, tuone ugomvi unakopitia ukishindwa kuzimika. Kama wanabishana mpaka uko wapi hasa, yaani bikoni imesogezwa au la, hilo huanzia kwa Msajili wa Ardhi, na mahakama haitaligusa mpaka mpaka wenyewe ubainishwe. Kama mpaka unajulikana na ugomvi ni wa haki ya kupita, mlango ni Mahakama ya Mazingira na Ardhi, iliyoundwa chini ya Katiba ya 2010 na kuwekewa sheria yake mwaka 2011; nayo inakaa Mombasa. Kwa Kadhi njia hii haiendi. Katiba inamwachia hali ya mtu, ndoa, talaka na mirathi baina ya Waislamu wanaokubali kuhukumiwa naye. Angeweza, siku ile ya kugawa, kuwauliza ndugu "na wa nyuma atapita wapi?" na jibu likaandikwa kwenye mgawanyo. Baada ya hati kutoka na kiwanja kuuzwa kwa mgeni, suala limetoka mikononi mwake. Natamani kila familia inayogawa mirathi imwite saveya kikaoni kabla ya kutia saini, na njia iwe na mstari wake kwenye karatasi kama ilivyo na mchanga wake ardhini.

Gereji ikiwa inaanza kuchimbwa msingi, Bi wa nyuma hana muda wa kungoja hukumu. Wakili wake ataomba amri ya zuio ya muda. Vipimo vyake vimekuwa vilevile tangu kesi ya Giella dhidi ya Cassman Brown ya mwaka 1973: mwombaji aonyeshe kwamba ana kesi yenye uwezekano wa kushinda, kwamba ataumia kwa namna ambayo fedha haiwezi kuponya, na mahakama ikiwa na shaka, ipime usumbufu wa kila upande. Hapo ndipo lile lori la choo na jeneza hurudi tena. Anayefika na kiapo chenye vipimo na picha husikilizwa tofauti na anayefika na machozi peke yake. Na afike mapema. Akingoja mpaka paa limeezekwa, mahakama inaweza kumpa fidia na kuacha gereji isimame.

Upana nao una maneno yake. Si kila kitu kinachoingia ujiani ni kosa. Kama haki aliyoithibitisha ni ya miguu na mkokoteni, na gereji inaacha mita moja u nusu iliyo wazi, mwenye nyumba atasema, pengine kwa usahihi, kwamba hakuzuia chochote cha maana. Kama haki ni ya magari, ujia wote wa mita tatu ndiyo kiini chake. Na mambo hubadilika hata kwa anayenufaika: watoto wa Bi wa nyuma wakivunja nyumba ya zamani na kujenga ghorofa nne za kupangisha, hawawezi kudai kwamba njia iliyopitisha familia moja sasa ipitishe magari ya wapangaji kumi na sita usiku na mchana. Mzigo haunenepeshwi bila ridhaa ya anayeubeba.

Katika mfano wetu, kama ningekuwa mshenga kati yao, ningewakalisha kabla ya siku za kaunti kwisha, pamoja na saveya mmoja wanayemwamini wote wawili na wazee wawili wa mtaa. Katiba yenyewe inahimiza upatanisho, na mahakama nyingi zingewarudisha huko huko baada ya gharama. Nyumba ya mbele ina ua wa mbele wa mita tano. Gari linaweza kulala hapo, chini ya paa jepesi lisilo na ukuta, na ombi la kulegezewa masharti likawa la upande wa barabara. Badala yake Bi wa nyuma aondoe tuktuk ujiani na akubali upana wa mita mbili na nusu, ili mwenye nyumba apate nusu mita ya kupitishia bomba lake la maji ya mvua.

Kisha yaandikwe, tena kwa kina, maana karatasi ya mistari mitatu huzaa kesi ya pili. Iandikwe njia inaanzia bikoni gani na kuishia wapi, upana wake, na kama ni ya miguu au ya magari. Iandikwe urefu kwenda juu ulio wazi, kwa sababu lori la choo lina kimo, na paa la mabati linalotoka ukutani kwa kiasi cha mkono mmoja linaweza kulizuia lisipite. Itajwe nani atajaza mashimo baada ya masika, geti litafunguliwa saa ngapi, na ufunguo wa pili utakaa kwa nani. Izuiwe kuegesha, kwa pande zote mbili. Saveya achore, wote wawili wasaini mbele ya wakili, wake na waume na warithi waliotajwa kwenye hati wasiachwe nje, na karatasi ipelekwe kwa Msajili isajiliwe kwenye hati zote mbili, ya mbele kama mzigo, ya nyuma kama faida. Baada ya hapo mwenye nyumba arudi kaunti na michoro mipya, akiambatanisha barua ya Bi wa nyuma inayosema ameondoa pingamizi lake.

Na wewe unayetafuta nyumba ya kununua mwezi huu, nenda na karatasi zako za sachi mkononi, ukae kwenye ngazi ya nyumba hiyo kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa mbili. Hesabu wanaopita pembeni, na umuulize wa kwanza atakayekuamkia: "Samahani mama, nyinyi huwa mnapita hapa tangu lini?"